Laptopu ya gemu inachemka na kukwama Windows na Ubuntu: usifute kitu kabla hujapima

Mkuu, umesema laptopu yako yenye prosesa ya i5-7300HQ na kadi ya picha ya NVIDIA GTX 1050 inacheza vizuri dakika kumi za kwanza kwenye Windows, kisha gemu linaanza kukatakata. Ukaweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, pembeni, na huko likawa zito tangu linafunguka. Sasa unataka kufuta kila kitu uanze upya.

Usifute. Yangu ina chipu hizo hizo na ilinisumbua miezi minne kabla sijagundua kuwa inaumwa magonjwa mawili tofauti. Kuwa na mifumo miwili kwenye mashine moja kumekusaidia: kinachojirudia pande zote mbili, kitafute kwanza kwenye mashine yenyewe, kinachotokea upande mmoja tu, kitafute kwenye programu za upande huo.

Anza na vipimo. Windows weka HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi. Ubuntu weka lm-sensors, halafu kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) andika sensors uone joto, na grep MHz /proc/cpuinfo uone kasi. Cheza dakika ishirini ukiangalia joto la prosesa na kasi yake kwa pamoja. Prosesa hii hufika GHz 3.5, na mwisho wake wa joto ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Yangu ilikuwa nyuzi 97 huku kasi imeshuka mpaka GHz 1.6, Windows na Ubuntu vilevile. Lakini ukikuta kasi imeganda GHz 0.8 na joto liko nyuzi 60 tu, weka bisibisi chini, azima chaja halisi ya modeli hiyo ujaribu. Laptopu nyingi zisipoitambua chaja zinabana umeme wa prosesa.

Nilipofungua mara ya kwanza niliona feni safi, nikapuliza kidogo, nikafunga. Hapo nilikosea, na naona wengi mnakosea hapo hapo. Vumbi halikai kwenye feni, linakaa kati ya feni na yale mapezi ya kupozea, limeshikana kama kipande cha blanketi, na hulioni mpaka utoe kifuniko cha feni. Chomoa waya wa betri kwanza. Ukipuliza, izuie feni kwa kidole isizunguke. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu yangu ilikuwa imekauka kama chokaa; niliifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake. Nyuzi 97 zikawa 82, Dar, mwezi wa pili, chumba hakina kiyoyozi. Tafadhali usijilinganishe na video za watu wa nchi za baridi. Hewa ikiingia na nyuzi 32 badala ya 20, hizo 12 zinaishia karibu zote kwenye chipu.

Windows ikapona kabisa. Ubuntu ikabaki nzito, na ndipo nikajua kuna ugonjwa wa pili.

Kwenye terminali ya Ubuntu andika lspci -k utazame kadi ya NVIDIA inatumia draiva gani, yaani programu inayoiendesha. Ukiona nouveau, draiva huria isiyotoka NVIDIA, umeupata ugonjwa. Kwa kadi za kizazi hiki, Pascal, nouveau haiwezi kuipandisha kadi kasi, kwa sababu inahitaji programu ya ndani yenye sahihi ya NVIDIA ambayo haikuipata. Kadi inabaki kwenye kasi ya chini ya kuwashia, hata ukiisafisha kila siku. Weka draiva ya NVIDIA yenyewe, na uchague 580 au ya chini yake, maana matoleo yaliyofuata yameiacha Pascal. Secure Boot (ulinzi unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka) ikiwa imewashwa, utaombwa kutunga nenosiri. Mashine ikiwaka tena chagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa draiva, uingize nenosiri hilo. Mimi niliipita ile skrini kwa haraka, draiva ikagoma kupanda, nikapoteza wikiendi nzima. Ukimaliza, andika sudo prime-select nvidia ili mashine itumie kadi hiyo, uwashe upya, halafu fungua gemu na uandike nvidia-smi ikuthibitishie kuwa gemu linatumia kadi kweli.

Pima leo usiku kabla hujashika bisibisi, kisha weka hapa joto na kasi ya pande zote mbili, pamoja na jibu la lspci. Nitazisoma.