Agapanthasi yenye majani tele bila maua: usiing'oe, chunguza msimu wake uliopita

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba agapanthasi yako imetimiza mwaka wa tatu ardhini, majani yake ni mabichi na mapana, kichaka kimetanuka hadi kinasukuma matofali ya ukingoni, lakini hakijatoa hata bua moja la maua, na kwamba umeshauriwa uing'oe upande kitu kingine. Nakuomba usifanye hivyo. Nimeutunza mmea huu kwa miaka 14, na miaka 3 ya mwanzo nilipitia hali hiyo hiyo unayoieleza. Mmea wenye majani mazuri namna hiyo si mgonjwa wala si tasa. Nguvu unazo, ila hazikuelekezwa kwenye maua kwa wakati unaofaa.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba agapanthasi haiumbi maua yake katika msimu ule tunaoyaona. Maua ya mwaka huu yakishanyauka, joto likiwa bado lipo, ndani kabisa ya kila chipukizi, mahali majani yanapokutana, huanza kuumbika tumba la mwaka ujao, dogo kiasi kwamba huwezi kuliona pasipo kuupasua mmea. Wiki hizo chache ndizo zinazoamua kila kitu. Mmea ukipata kiu wakati huo, au ukifunikwa na kivuli, au ukiwa na njaa, tumba halifanyiki, na mwaka unaofuata utaona majani matupu hata kama umeumwagilia kila siku na kuujaza mbolea. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunauhudumia kwa bidii maua yakiwa yamechanua, kisha yakianguka tunausahau. Nami nilifanya hivyo, nikadhani mmea umemaliza kazi yake ya mwaka na unataka kupumzika.

Kichaka changu cha kwanza nilikipanda chini ya mti mkubwa, kwa kuwa niliona majani yake yanapendeza kivulini. Yalipendeza kweli, yakarefuka na kulala upande mmoja yakitafuta mwanga. Mwaka wa pili nikaongeza samadi mbichi, na yakazidi kurefuka. Mwaka wa tatu nilikihamishia mahali penye jua, lakini kwa sababu ya kukatwakatwa mizizi kikakaa msimu mmoja zaidi bila kuchanua. Mwaka wa nne ndipo yalipotoka mabua 2, na ule wa tano nikahesabu 11. Nakueleza haya ili ukiuhamisha wako usikate tamaa msimu wa kwanza, maana kukosa maua baada ya kuhamishwa ni kawaida.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuchunguza ni jua. Agapanthasi inahitaji angalau saa 6 za jua la moja kwa moja kwa siku. Usitazame mara moja tu asubuhi ukaridhika. Pita bustanini asubuhi, adhuhuri na alasiri, na ufanye hivyo katika zile wiki za baada ya maua, kwa sababu miti ya jirani huweza kuwa imejaa majani kipindi hicho na kutia kivuli mahali ulipodhani pana jua.

La pili ni chakula. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, ikiwemo ile inayotiririka kutoka kwenye nyasi za uani zilizowekewa mbolea, huchochea majani na kuchelewesha maua. Mimi huweka mboji iliyoiva vizuri mara moja kwa mwaka, chipukizi zinapoanza kusogea, kisha hutumia mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, ya aina wanayopewa nyanya, kila baada ya wiki 2, tangu mabua yanapochomoza hadi kama wiki 6 baada ya maua kunyauka. Hizo wiki 6 za mwisho ndizo watu huziacha, na kwa maoni yangu ndizo zenye thamani kuliko zote zilizotangulia. Maji nayo yafuate mpangilio huo huo. Ni kweli mmea huu huvumilia ukame, kwani mizizi yake minene huhifadhi maji, lakini kuvumilia si sawa na kustawi: utabaki hai katika udongo mkavu, ila hautachanua mwaka unaofuata.

Pengine utaambiwa kwamba agapanthasi hupenda kubanwa, kwamba mizizi ikisongamana ndani ya chungu ndipo inapochanua. Nimeujaribu ushauri huo kwa vyungu kadhaa na siukubali. Mizizi inayojaa chungu huchanua kwa mwaka mmoja au miwili, halafu udongo unakwisha kabisa, maji hayapenyi, chungu chenyewe kinapasuka, na maua yanapungua. Ukipanda kwenye chungu, chagua chenye nafasi ya kutosha msimu 1 au 2 ya kukua, kisha ongeza ukubwa hatua kwa hatua. Ardhini, kichaka hukaa vizuri miaka 4 hadi 6 kabla ya kuhitaji kugawanywa. Hicho chako cha miaka 3 bado ni kichanga, usikiguse kwa sababu hiyo.

Wakati wa kugawanya ukifika, fanya maua yakishaisha au majani mapya yanapoanza kuota. Chimba kwa mbali ili usijeruhi mizizi, inua bonge zima, kisha likate kwa sepeto kali au msumeno wa zamani, ukihakikisha kila kipande kina chipukizi zisizopungua 2 au 3 na mizizi yake. Panda vipande kwa umbali wa sentimita 30 hadi 45, shingo ya mmea ikiwa sentimita 3 hadi 5 tu chini ya uso wa udongo. Udongo uwe unaopitisha maji. Pale maji yanapotuama, changanya mchanga mkubwa na mboji, au panda juu ya tuta.

Ni vyema pia ujue una aina gani. Asili ya mimea hii ni kusini mwa Afrika, na jina lake limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, agape yaani upendo, na anthos yaani ua. Zipo zinazobaki na majani mwaka mzima, hasa Agapanthus praecox, na zipo zinazokauka juu kabisa wakati wa baridi na kuchipua upya, kama Agapanthus campanulatus wa nyanda za juu za milima ya Drakensberg, kusini mwa Afrika. Hizi za kukauka kwa kawaida zina majani membamba zaidi na huvumilia baridi kali kuliko zile nyingine. Watu wengi huzitupa wakidhani zimekufa, na jambo hilo hunisikitisha kila ninapolisikia. Mara nyingi utakuta kibandiko kimeandikwa Agapanthus africanus, ilhali mmea wenyewe ni praecox. Africanus halisi ni mmea mdogo wa milima ya mawe ya mchanga huko Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako huchanua zaidi baada ya moto kupita, na ni mgumu kuufuga bustanini. Kwa maelezo yako ya majani mapana, wako karibu hakika ni praecox, na huo ukipata jua na maji kwa wakati wake haunyimi maua.

Kama siku moja yatatokea matumba lakini yakabaki yamefumba, yamevimba na kubadilika rangi, yapasue utazame ndani. Ukikuta funza wadogo, huyo ni mdudu Enigmadiplosis agapanthi, aliyegunduliwa Uingereza mwaka 2014. Kata vichwa vyote vyenye dalili hizo na uviharibu kabisa, usivitie kwenye rundo la mboji. Koa na konokono hukaa chini ya majani ya zamani. Hao huondolewa kwa mkono wakati wa jioni, na madhara yao si makubwa.

Vaa glavu unapoukata, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi, na watoto wasitafune sehemu yoyote, maana una sumu. Vilevile, yatakapokuja maua, kata vichwa vyake kabla mbegu hazijakauka, isipokuwa unataka kuzipanda. Mbegu hizo nyeusi zina ubawa mwembamba, hupeperuka na kuota kwa wingi, na huko Nyuzilandi praecox umesambaa porini hadi ukahesabiwa kuwa gugu. Ukizipanda, tumia mbegu mpya, nawe subiri miaka 3 au zaidi kuona ua la kwanza, ambalo huenda lisifanane na la mmea mama.

Kwa sasa anza na jua: hesabu saa kwa siku 3 mfululizo, kisha uandike hapa umepata ngapi, na pia unieleze mbolea uliyotumia mwaka jana na mwezi ulioacha kumwagilia. Saa za jua zikiwa pungufu ya 4, hamisha mmea. Zikiwa 6 au zaidi, usiuguse, bali uushughulikie kwa maji na potasiamu katika wiki zile za mwisho wa joto.