Kupima mgeuko wa VO₂ kwa mwanga: chunga joto kabla ya leza

Ukianza kazi hii hapa Mtwara, ya kupima kitu kinavyogeuka kwa joto kutoka kihami (kisichopitisha umeme vizuri) kuwa metali, anza na utando wa vanadi dioksidi (VO₂) uliopakwa juu ya kioo, usikimbilie V₂O₃, oksidi nyingine ya vanadi. Hiyo ya pili hugeuka karibu nyuzi 120 chini ya sifuri. Itakudai naitrojeni ya maji na vakyumu, na kwa unyevu wetu wa pwani sampuli iliyoachwa wazi itafunikwa na barafu kwanza. VO₂ hutoka kihami ikawa metali kwenye nyuzi 68 hivi. Jiko dogo la umeme linatosha.

Tumia leza ya nanomita 1,550, chini ya miliwati 1 ili yenyewe isipashe utando. Mwanga wa macho haubadiliki sana. Infraredi, mwanga usioonekana kama huo wa leza, ndiyo inayozimika elektroni zikiachiliwa. Kitambuzi kiwe cha gerimani. Cha silikoni hakioni 1,550 kabisa, na wengi wameshinda wakirekebisha lenzi bure.

Tatizo kubwa ni joto. Toboa bamba la shaba tundu la milimita 3 la kupitisha mwanga, bandika sampuli kwa pesti ile mafundi kompyuta wanayopaka kwenye prosesa, kisha weka themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili) juu ya utando wenyewe, pembeni mwa tundu, si kwenye bamba. Panda kutoka nyuzi 40 hadi 90, halafu shuka mpaka 40, ukichora mwanga unaopita dhidi ya joto. Mistari miwili haitalaliana. Itafanya kitanzi, na upana wake ndio unaoutafuta.

Sasa upana huo ni wa nani? Pima kwa nyuzi 5 kwa dakika, rudia kwa nyuzi 1. Kitanzi kikisinyaa, kilichopungua kilikuwa cha jiko, kioo kikichelewa kulifuata bamba. Kitanzi kizima kikihamia juu bila kupanuka, kagua themokapo kwanza, halafu tazama dari: feni inapoza utando. Izime, hata kama mtatoka jasho.

Umeme ukikatika ukiwa nyuzi 66, usiendelee ulipoachia. VO₂ hukumbuka njia iliyopita. Ukigeuzia katikati utapata kitanzi kidogo cha ndani. Shuka hadi 40, anza upya.

Unyevu unaoharibu korosho ghalani hauachi utando wa nanomita 100: taratibu huuoksidisha, na mgeuko hufifia. Hifadhi sampuli kwenye chombo kilichofungwa pamoja na punje za silika jeli. Zile za buluu zikigeuka waridi, zikaushe ovenini kwa nyuzi 120 mpaka zirudie rangi.