Barua kwa mwanangu: kwa nini ofisi yetu wenyewe

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mau. Mvua imeshika, njia ya kwenda Njoro ni tope tupu, lakini hatujambo.

Uliniuliza kwenye simu kama ni busara kuiacha kampuni ya mawakili ya Nairobi uje uwe wakili wa shirika letu sisi Waogiek, watu wa msitu wa Mau, ilhali mawakili wazuri wamejaa na wengine hututetea bure. Swali hilo si la simu.

Ulisoma chuoni shauri la Tinet, la Waogiek waliopinga kufukuzwa kwenye msitu wa Tinet. Wazee walikwenda Mahakama Kuu, na Machi 2000 wakashindwa. Majaji walisema watu hawa hawaishi tena kwa kuwinda na kurina asali kama babu zao. Wana shule, wana maduka. Yaani mtoto akivaa sare, babu yake amepoteza msitu! Sisemi mawakili walikuwa wabovu. Nasema hoja kama ile anaijibu vizuri zaidi mtu anayejua jinsi mzinga wa nyuki na sare ya shule vinavyokaa nyumba moja.

Notisi ya siku 30 ya kutuhamisha ilipotoka Oktoba 2009, malalamiko yalipelekwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul. OPDP, shirika letu, lilisimama pamoja na mashirika mawili ya kutetea jamii ndogo, CEMIRIDE ya Nairobi na Minority Rights Group ya London. Tume ndiyo iliyoifikisha kesi kwenye Mahakama ya Afrika mwaka 2012, kwani Kenya haijaweka tamko la kuwaruhusu raia kwenda pale wenyewe. Kwa hiyo wageni tuliwahitaji, na tutazidi kuwahitaji.

Ila wakili wa mbali hufanya kazi na anachopewa. Nani atampa? Ukimwuliza mzee mpaka wa ukoo wake, hakutajii vipimo. Anakutajia mto, kilima, na mizinga ya nani ilikuwa upande gani. Mwaka 2006 pale Nessuit wazee walizunguka mfano mkubwa wa Mau Mashariki wa kadibodi, tabaka juu ya tabaka, wakaweka rangi, pini na nyuzi kuonyesha walichokuwa nacho kichwani. Kuyageuza maneno ya namna hiyo yawe hati ya kiapo ni kazi ya anayejua lugha zote mbili, ya msituni na ya mahakamani.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama hiyo ya Afrika ilisema serikali imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika. Ilikataa pia kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau. Ikataja wavamizi wengine, ardhi iliyomegwa na serikali yenyewe, na vibali vya kukata miti. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu tuliyopata, pamoja na hatimiliki ya jamii nzima.

Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, Narok.

Hapo ndipo ofisi yako inapohitajika, mwanangu. Hukumu ikishasomwa, wengi hufunga mafaili. Anayebaki ni yule wa kukaa na mama asiyejua kusoma, kuandika jina lake na kilichobomolewa, na kumweleza karatasi inasema nini kabla hajaweka kidole gumba.

Lakini usije kwa huruma. Mshahara hutegemea wafadhili, na mradi huisha. Tena wa kupiga kelele tunao wa kutosha, mimi mmojawapo. Tunayemtaka ni wa kukaa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na wa kuichambua Katiba inayosema katika kifungu cha 63 kwamba ardhi ya asili ya wawindaji ni ya jamii, huku cha 62 kikisema misitu ya serikali ni ya umma. Kama Nairobi watakufundisha mambo ya usajili wa ardhi, kaa huko kwanza, uyajue barabara, ndipo uje.

Uamuzi ni wako. Ukisaini mkataba wao, soma vizuri kipengele cha kuacha kazi, nisije nikasikia wamekufunga miaka mitano.

Mama yako