Babu anaongea kama yumo ndani ya pipa la maji

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna kaseti ya mwaka 1989, babu akisimulia habari za ukoo wetu sebuleni kwake Tandika. Nilitoa waya kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti, nikauchomeka kwenye tundu la maiki la laptopu, nikarekodi, kisha nikasafisha kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Lile "shhh" limeisha kabisa, ila sasa babu anaongea kama yumo ndani ya pipa la maji. Nimeambiwa ninunue iZotope RX, programu ya kulipia ya kusafisha sauti. Ndiyo dawa? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu kwanza.

Programu haimjui babu yako. Inaikata sauti vipande vipande vya masafa, kuanzia besi hadi sauti nyembamba, halafu inalinganisha kila kipande na sampuli ya kelele uliyoipa. Kisichozidi sampuli hiyo kinashushwa. Sasa, "sh", "s" na "f" za mwanadamu nazo ni kelele tu, pumzi inayopenya kwenye meno. Ukiiamuru iondoe "shhh" yote, inaondoka na "sh" ya shikamoo. Na vile vipande vya kelele vinavyoponyoka hapa na pale ndivyo vinavyolia kama matone. Pipa lako ndilo hilo.

Chukua faili la mwanzo. Tafuta mahali babu amenyamaza, hata sekunde moja inatosha, upafanye sampuli. Kisha punguza desibeli 6 hadi 9, usiende 20 wala 30. Kabla ya kukubali, Audacity inakuruhusu kusikiliza mabaki, yaani kile inachotaka kukitupa. Ukisikia maneno ya babu humo, umezidisha. Acha "shhh" kidogo ibaki. Baada ya dakika mbili sikio linaizoea. Mimi mwenyewe niliwahi kumrudishia mama mmoja kaseti ya harusi yake nikijisifu imetakata, akasikiliza, akaniambia, "Huyu si mama yangu." Nilianza upya bila malipo.

Lakini nadhani tatizo lako kubwa liko kwenye kurekodi, si kwenye kusafisha. Tundu la maiki limetengenezwa kwa sauti ndogo sana, wewe umelipa sauti kubwa ya hedifoni. Inafurika, vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa, vinakatwa, na kwenye laptopu nyingi inakuwa ya upande mmoja tu. Tafuta kadi ya sauti ya nje ya USB yenye tundu la kupokea sauti ya deki, Kariakoo zipo. Rekodi vilele vikiishia karibu na desibeli -10.

Halafu kaseti na kichwa cha redio, kile kinachosoma utepe. Joto na unyevu wa Dar haviwahurumii wenye kaseti. Itazame kaseti: ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, huo ni ukungu, usiicheze kwenye deki unayoipenda. Kama ni safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe ili utepe ulegee, kisha safisha kichwa kwa pamba na spiriti, uache kikauke. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo. Kaseti ikicheza, izungushe taratibu sana kwa bisibisi, robo mzunguko hivi kwa kila upande, hadi "s" za babu zichomoze. Kichwa kikikaa mshazari, sauti nyembamba hazitoki kwenye utepe, na hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kurudisha kisichorekodiwa.

Ukisikia mvumo wa "mmm", ni umeme wetu wa hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mara nyingi unakwisha papo hapo. Usipokwisha, kata hezi 50, 100 na 150 kwa kichujio chembamba. Kiwe chembamba kweli, maana sauti ya mzee wa kiume inaanzia huko huko karibu na hezi 100.

RX ni nzuri, sitakudanganya. Inakuchorea sauti kama picha, ukaona honi ya gari imekaa wapi, ukaipaka ikafutika huku neno likibaki. Kazi ya namna hiyo ukiwa nayo kila wiki, nunua. Kwa kaseti moja, mpe fundi mwenye nayo akufanyie zile dakika chache zilizoharibika zaidi. Zile programu za akili mnemba zinazotengeneza sauti upya, kwa matangazo sawa. Kwa babu zinaweza kukubunia silabi, na jina la mtu wa ukoo likageuka jina jingine bila wewe kujua.

Rekodi kwa WAV, biti 24, hezi 48,000. Kaseti ya dakika 90 itakula takriban GB 1.5. Faili hilo la kwanza usiliguse, fanyia majaribio nakala, na kaseti yenyewe, kama iko juu ya kabati la jikoni, itoe huko.