Nina vijana wawili Kenya ila sina kampuni Kenya, nawaajirije?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina kampuni ndogo hapa Arusha, tunatengeneza mfumo wa stoo kwa maduka ya dawa. Wateja wa Kenya wameongezeka, nikatafuta vijana wawili hukohuko. Mmoja yuko Nairobi anapokea simu na meseji za wateja, mwingine anazunguka Nakuru na Kisumu anatafuta maduka na kusaini nayo mikataba. Kampuni Kenya sina na kwa sasa sitaki kufungua. Nawatumia hela kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi, na nimewaandikia mkataba wa ukonsalti wa ukurasa mmoja. Rafiki yangu anasema niendelee hivyohivyo maana sote ni Afrika Mashariki. Ni sawa? Msomaji, Arusha.

JIBU: Dada, hapana, si sawa, na huyo rafiki anachanganya mambo mawili. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limeanza Julai 2010, linamsaidia mtu kuvuka mpaka akatafute kazi, ila haliondoi sheria ya kazi ya pale mfanyakazi alipokaa. Kijana wako amekaa Nairobi, basi yuko chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, hata kama wewe bosi wake uko Njiro hapo Arusha na hujawahi kukanyaga mpakani Namanga.

Hebu mwangalie huyu wa simu. Naamini anaanza kazi saa uliyompangia wewe, anatumia laptopu uliyomnunulia, akiumwa anaomba ruhusa kwako na wala hana mteja mwingine. Huyo ni mwajiriwa, ukurasa wako uandike konsalti au uandike malaika. Mkikosana akaenda mahakama ya kazi wataangalia nani alikuwa anampangia kazi na siyo kichwa cha habari cha mkataba, na hapo utadaiwa likizo zake za siku 21 kwa mwaka, notisi ya siku 28, na NSSF ya miezi yote ambayo hukulipa.

Na nisikufiche, hili jambo linaniuma. Nilifanya kazi miaka miwili kwa kampuni ya nje iliyoniita konsalti, nikaenda benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba, dada wa kaunta akaniomba slipu ya mshahara na mimi nina bahasha ya invoisi tu, akazifunua mojamoja, akazipanga vizuri akanirudishia. Mtu unafanya kazi kila siku ila kwenye karatasi huna kazi.

Sasa njia iliyopo kwa asiye na kampuni kule ni kutumia kampuni inayoajiri kwa niaba yako, wenyewe wanaiita EOR, yaani Employer of Record. Ina usajili Kenya, inamwandikia kijana mkataba wa Kenya, inakata kodi na kupeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, wewe unampangia kazi na kuilipa hiyo kampuni mshahara pamoja na ada yao. Angalia sana hiyo ada, makampuni makubwa ya kimataifa kama Deel na Remote yanatoza mamia ya dola kwa kichwa kila mwezi, wakati mshahara wa, tuseme, shilingi 60,000 za Kenya wenyewe ni kama dola 460, yaani ada inaweza kuupita mshahara! Tafuta za Nairobi, uliza bei tatu nne. Na mkataba useme wazi kwamba kazi anayoifanya na taarifa za wateja ni mali yako, maana kwenye karatasi mwajiri ni yule mwingine.

Tuchukue hiyohiyo 60,000, kwa viwango vya 2025. Juu yake mwajiri anaongeza NSSF asilimia 6 ambayo ni 3,600, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 900, na 50 ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwa hiyo inakuwa 64,550 kabla ya ada. Kijana naye anakatwa NSSF 3,600, nyumba 900, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 1,650, halafu PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama 8,540. Kinachomfikia mkononi ni kama 45,300.

Huyu wa Kisumu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mtu anayekusainia mikataba mara kwa mara ndani ya Kenya anaweza kukufanya uhesabike una kituo cha kudumu cha biashara kule, na faida inayotokana na hapo Kenya inaitoza kodi ya asilimia 30. EOR haikukingi na hili, kwa sababu wanachoangalia ni anachokufanyia na siyo slipu yake inatoka wapi. Na usije ukasema basi mikataba nitakuwa nasaini mimi Arusha, sheria yao inamhesabu pia yule aliyemaliza mazungumzo yote wewe ukabaki kugonga muhuri tu. Labda awe wakala kwelikweli, mwenye biashara yake, anauza na bidhaa za wengine, analipwa kamisheni. Kama ni wa kwako peke yako, dada yangu fungua kampuni, najua umesema hutaki ila usajili unafanyika kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na mwenye hisa anaweza kuwa wewe mmoja tu. Ukishafungua, hata yule wa Nairobi unamhamishia humo na ada ya EOR unaachana nayo, ila utahitaji mhasibu wa kule wa kupeleka ritani kila mwezi.

Kabla hujasaini chochote wapigie vijana wako wote wawili. Wamezoea kuona hela nzima ikiingia M-Pesa, kama walikuwa wanapata 60,000, mwezi ule wa kwanza ikiingia 45,300 wataona umewapunguzia. Waeleze kila makato yanaenda wapi, na kama mfuko unaruhusu panda kidogo, hata 65,000, pengo lisiwe kubwa.