Mwenza kaondoka, kampuni bado changa: mimi nilifunga

Mkuu, umesema mwenzako kapata ajira Kigali, programu imeishia njiani, wateja ni wachache wa majaribio, na hujui utafute mwenza mwingine au ufunge. Yangu nilifunga, na si kwa sababu ya kuondoka kwake.

Tulikuwa tunawaunganisha wenye maduka ya Mbagala na wauzaji wa jumla wa Kariakoo. Mwenzangu aliandika programu, mimi nikazunguka mtaani. Alipopata kazi benki aliniaga vizuri, hatukugombana. Kila mtu akaniambia tafuta fundi mwingine. Badala yake niliendelea kupokea oda kwa simu na WhatsApp, bila programu yoyote. Hapo ndipo nikaona: wenye maduka waliagiza kwetu siku waliyobanwa tu. Siku nyingine walipanda gari wenyewe kwenda Kariakoo, maana kule wanapewa mzigo kwa mali kauli, wanauza kwanza ndipo wanalipa. Sisi tulitaka hela mkononi. Fundi gani angetibu hilo? Tungehitaji mtaji wa kukopesha, nasi hatukuwa nao.

Sasa upande wa makaratasi, ambao wengi wanaupuuza. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, haifi kwa kunyamaziwa. Taarifa ya mwaka inadaiwa, TRA, yaani mamlaka ya mapato, nao wanasubiri ritani (taarifa ya kodi) hata kama hamjauza kitu, na faini zinalundikana. Kama haina deni wala mali, omba ifutwe kwenye daftari la makampuni. Kama ina madeni au mali, kuna kufilisi kwa hiari, na hapo anahitajika mfilisi. Vyovyote iwavyo, lipa mhasibu akufungie hesabu za mwisho na alimalize suala la TIN, namba ya mlipakodi. Usibanie hela hiyo.

Mwenzako hata akiwa Kigali bado ni mkurugenzi na mwanahisa mpaka kumbukumbu zibadilishwe, kwa hiyo sahihi yake utaihitaji. Mwite asaini azimio la kufunga kabla hajapanda ndege, urafiki ukiwa bado wa moto. Kama unafunga, kumhamishia mtu hisa zake ni kujisumbua, maana uhamisho unaanzia TRA kwenye kodi ndipo ufike BRELA. Kama unaendelea, hapo lazima. Mtu asiyefanya kazi akikaa na nusu ya kampuni, mwekezaji gani ataweka hela? (Wamarekani hugawa hisa kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza hapati kitu. Huku tunaandika nusu kwa nusu siku ya usajili, tunapiga picha.)

Madeni nilianza na vijana wa bodaboda, kisha wauzaji. Akaunti ya benki nilifunga mwisho kabisa, kwa sababu marejesho huchelewa. Wateja niliwapigia mmoja mmoja. Muuzaji mmoja wa jumla ndiye aliyenipa kazi baadaye, nampangia usambazaji, na madaftari yangu ya oda za Mbagala yalinisaidia kuliko CV.

Kwako: kabla ya kutafuta mwenza, hudumia wateja wako hao kwa mkono mwezi mzima, uwatoze bei halisi. Wakilipa na kurudi, unachohitaji ni fundi, naye hulipwa kwa kazi bila kupewa hisa. Wasiporudi, mwenzako anasafiri lini?