Fremu tupu za Uingereza: jibu kwa ndugu wa Ngamiani

Ndugu zangu,

Ujumbe wenu nimeupata. Mmeona picha za mitaa ya maduka ya Uingereza: mashata yameshushwa, vioo vimebandikwa karatasi, mlango huu umefungwa na ule umefungwa. Mnauliza kama huu si ndio wakati wa Mtanga kuingia, maana wenyewe wakikimbia, fremu lazima ziwe za bei ya chini. Mna milioni 60, na mna kijana wenu anayesoma huku Uingereza ambaye jina lake litatumika kwenye mkataba. Mkaongeza na la pili: kama duka haliwezekani, je, mzigo wa maduka yanayofunga unaweza kununuliwa ukaletwa Tanga?

La kwanza nasema hapana. Nawaomba msome sababu zote kabla hamjanikasirikia.

Tuanze na kijana, kwa sababu hapo hakuna mjadala. Viza ya mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida inamruhusu kazi ya kuajiriwa isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kujiajiri au kuendesha biashara hairuhusiwi kabisa, hata kwa saa moja. Jina lake likionekana kwenye mkataba wa fremu na kwenye kampuni, anahatarisha viza na masomo kwa pamoja, na ada mliyolipa hairudi. Msimfanyie hivyo mtoto wenu.

Sasa fremu yenyewe. Ngamiani, hapo Tanga, mtu huchukua fremu kwa kodi ya miezi sita au mwaka, pengine na kilemba juu, na biashara ikikataa anahamisha rafu zake usiku mmoja, yamekwisha. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Mkataba wa fremu huku haujui hilo. Kawaida yake ni miaka 5 au 10, na ukisaini ya miaka 5, pango la miaka yote 5 ni deni lako, uuze usiuze. Kipengele cha kumruhusu mpangaji kuvunja mkataba katikati kipo tu kama mliandikiana, nacho kina masharti: notisi ya maandishi, mara nyingi ya miezi 6, na pango lote liwe limelipwa. Notisi ikichelewa siku moja, haki hiyo imepotea.

Pango hulipwa kwa robo mwaka, na hulipwa mbele: kwa Uingereza tarehe za jadi ni 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba. Kwa pango la pauni 12,000 kwa mwaka, ni pauni 3,000 kila tarehe hizo, kabla hujauza kilo moja ya unga wa robo hiyo. Juu yake mwenye jengo hutaka amana ya miezi 3 hadi 6. Mkifungua kampuni mpya, atataka na dhamana binafsi, yaani mtu wa damu na nyama asaini kwamba kampuni ikishindwa atalipa yeye. Wengi hudhani kampuni ni ngao. Kwenye karatasi hiyo, ngao imeshawekwa chini.

Kuna jambo linalowaumiza wageni kuliko pango. Mikataba mingi humpa mpangaji wajibu wa matengenezo yote, na siku ya kuondoka lazima arudishe jengo likiwa katika hali nzuri. Ndipo fundi wa mwenye jengo anapokuja na orodha: paa, rangi, sakafu, mfereji wa maji, hata nyufa zilizokuwepo kabla hamjaingia. Dawa yake ni moja tu, na inafanywa kabla ya kusaini: piga picha kila ukuta, kila dari, kila bomba, ziandikiwe maelezo na ziwe sehemu ya mkataba, zenye saini za pande zote mbili. Baada ya kusaini, picha hizo hazina nguvu hiyo.

Halafu kuna kodi ya jengo la biashara. Kwetu kodi ya jengo inakatwa kidogo kidogo kwenye LUKU. Huku halmashauri humdai anayelitumia jengo, na hesabu yake hufuata thamani ya pango kama serikali ilivyoikadiria, hata kama wewe unalipa pungufu. Thamani ikiwa haizidi pauni 12,000 na ukawa huna jengo jingine, ukiomba nafuu ya wafanyabiashara wadogo hulipi kitu. Kati ya 12,000 na 15,000 nafuu hupungua hadi kwisha. Mfano wa fremu ya thamani ya 20,000 kwa mwaka wa kodi 2025/26: mara senti 49.9 kwa kila pauni ni 9,980, ukitoa nafuu ya maduka ya asilimia 40 iliyokuwepo mwaka huo ilibaki 5,988. Hiyo ni kodi peke yake, pango bado. Thamani ya kila fremu inaonekana bure kwenye tovuti ya serikali, na hukadiriwa upya kila miaka 3, ukadiriaji wa karibuni ukiwa wa Aprili 2026. Anayewatangazia fremu ya bei poa, muulizeni namba hiyo kwanza.

Umeme nao. Dari la bei, yaani kikomo cha bei ya umeme, mnalolisikia kwenye habari ni la majumbani, maduka halihusu. Ukiingia kwenye fremu bila kusaini mkataba wa umeme, unatozwa bei ya kupachikwa, ambayo ni ya juu, hadi usaini. Takataka za duka ni marufuku kuzitupa kwenye pipa la nyumbani, lazima ulipie mbebaji mwenye leseni. Na kama mlikuwa mnafikiria chapati na mishikaki ya kubeba, fremu ya duka haitoshi: tangu 2020 duka, mgahawa wa kukaa na ofisi viko kundi moja la matumizi, lakini chakula cha moto cha kubeba kiko nje ya kundi hilo na kinahitaji kibali cha mipango miji.

Tufanye hesabu ya daftari. Pango 12,000, kodi ya jengo sifuri kwa kuwa mmebahatika. Umeme, bima, takataka, mhasibu na makato ya mashine ya kadi, tuseme 8,000. Jumla 20,000. Kama katika kila pauni 100 ya mauzo mnabaki na 30, mnahitaji mauzo ya karibu pauni 66,700 kwa mwaka, yaani 1,280 kwa wiki, ili tu mlango ubaki wazi. Hapo hakuna aliyelipwa. Wekeni mfanyakazi mmoja wa saa 38 kwa kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa kilichokuwepo Aprili 2025 hadi Machi 2026, ni kama 24,000 kwa mwaka. Sasa mauzo yanayotakiwa ni karibu 147,000, sawa na 2,820 kwa wiki. Na hapo mmeshavuka pauni 90,000, kikomo cha kujisajili VAT ya asilimia 20. Unga, mchele na maharage havitozwi. Soda, sabuni na vitenge vinatozwa. Kitenge cha pauni 12 kina pauni 2 za serikali ndani yake, na mteja hakubali kulipa 14 kwa sababu wewe umekua.

Milioni zenu 60 kwa viwango vya karibuni hazifiki pauni 20,000. Amana, robo ya kwanza, wakili, rafu, friji na mzigo wa kwanza vitazimaliza kabla ya mteja wa mia.

Mtauliza: basi kwa nini mwenye jengo asishushe pango, kuliko fremu ikae tupu? Kwa sababu thamani ya jengo hupimwa kwa pango lililoandikwa, na mara nyingi jengo hilo limewekwa rehani benki. Akiandika pango la nusu, thamani inashuka kwenye vitabu na benki inaanza kuuliza. Ndiyo maana hupenda zaidi kutoa miezi kadhaa ya bure mwanzoni huku pango la kwenye karatasi likibaki palepale. Lakini fremu tupu nayo inamgharimu: baada ya miezi 3 kodi ya jengo inamrudia yeye kwa ukamilifu. Hapo ndipo maduka ya mitumba ya taasisi za misaada yanapoingia. Yana msamaha wa lazima wa asilimia 80 ya kodi hiyo, wahudumu wengi ni wa kujitolea, na nguo wanapewa bure. Mtaa unaodhoofika huwa nayo mengi. Na nguo ambazo hata hapo hazikununuliwa huuzwa kwa kilo, hufungwa mabelo na kupakiwa melini. Belo mnalolikata hapo Tanga linaweza kuwa limepita kwenye rafu ya mtaa huohuo mliouona kwenye picha.

Maduka makubwa yamekufa kwa njia inayofanana, ila kwa tarakimu kubwa. Mnajua mali kauli: unachukua mzigo kwa maneno, unalipa ukiuza. Hata kampuni kubwa huishi hivyo, isipokuwa msambazaji hukata bima ya kulipwa. Siku kampuni ya bima ikiona vitabu vya duka vinanuka, inaondoa kinga. Msambazaji anadai fedha taslimu kabla ya kuleta mzigo, taslimu hakuna, rafu zinabaki na matundu, na mteja aliyekuja kutafuta sufuria na asiione harudi. Woolworths mwaka 2008 na Wilko mwaka 2023 zote zilifika hapo. Wilko ilikuwa na maduka kama 400 na wafanyakazi karibu 12,500.

Duka kubwa la Debenhams ni somo jingine. Mwaka 2005 iliuza majengo yake 23 kwa pauni milioni 495, ikageuka mpangaji humo humo kwa mikataba mirefu. Fedha ililiwa, pango likabaki. Mwaka 2021 jina lake lilinunuliwa kwa milioni 55 na kampuni ya kuuza nguo mtandaoni, ambayo majengo haikuyataka. Duka lililoanzia 1778 sasa ni tovuti.

Msiseme intaneti tu ndiyo iliyoua. Kweli, mauzo ya mtandaoni yalikuwa karibu moja ya tano ya rejareja yote kabla ya korona, na sasa ni zaidi ya robo. Lakini Oktoba 2022 bei zilipanda kwa asilimia 11.1 kwa mwaka, riba ya Benki Kuu ikatoka asilimia 0.1 mwanzoni mwa Desemba 2021 hadi 5.25 Agosti 2023, na mteja aliyemaliza kulipia nyumba na umeme hana cha kubakiza dukani. Aprili 2025 mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa ukaongezwa. Kwa mfanyakazi yuleyule wa saa 38 ni kama pauni 800 zaidi kwa mwaka. Mwenye mfanyakazi mmoja au wawili ana nafuu inayomfidia, mwenye elfu kumi hana pa kukimbilia.

Swali la pili, la mzigo. Duka likifilisika, mauzo ya kufunga huendeshwa na wataalamu wa kazi hiyo. Wiki ya kwanza punguzo ni dogo, pengine asilimia 10 au 20, na kizuri huondoka hapo. Likifika asilimia 80, kilichobaki ni saizi zisizovaliwa na vitu visivyo na mwenzake, na hakirudishwi. Nguo zikifika Tanzania, ushuru wa Afrika Mashariki ni asilimia 35 ya bei pamoja na nauli na bima, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo: mzigo wa 100 umekuwa 159, bado tozo ndogo ndogo na wakala. Nguo siwashauri. Chenye maana ni vifaa vya duka lenyewe: rafu za chuma, hanga, sanamu za nguo, vinavyouzwa siku za mwisho ili jengo liachwe tupu. Hata hapo, anayenunua ndiye hufungua na kubeba, ndani ya siku alizopewa. Ukikosa gari, umenunua chuma cha watu wengine.

Na mwenye ndugu anayefanya kazi dukani huku, ikitokea fedha ya kila mwezi haikuja, msimshuku haraka. Mwajiri akifilisika, mfuko wa serikali hulipa mshahara uliocheleweshwa hadi wiki 8 na likizo hadi wiki 6, kwa kikomo cha kila wiki ambacho mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 719. Fidia ya kupunguzwa kazi ni kwa aliyetimiza miaka 2 tu. Lazima aombe mwenyewe, na huchukua wiki kadhaa.

Kama mnaye mtu mwenye ukaazi kamili, mlango mdogo upo. Masoko ya halmashauri hukodisha meza kwa siku au kwa wiki, bila miaka 5 wala dhamana. Ridley Road kule London mashariki linauza vyakula vya Kiafrika wazi mtaani, na hapo mtajua katika miezi mitatu kama kitenge chenu kinatoka. Anayeuza chakula hujisajili halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, bure. Tangu Desemba 2024, halmashauri za Uingereza zinaweza pia kunadisha upangaji wa fremu iliyokaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miezi 24, kwa mkataba wa mwaka 1 hadi 5. Huo wa mwaka 1 ndio wa kuulizia.

Kwa hiyo fedha ibaki Tanga kwa sasa. Nitumieni aina ya viza ya huyo mtu, orodha ya bidhaa tano mnazotaka kuanza nazo na bei yake ya kununulia hapo, na kama kuna mkataba wowote ambao kijana ameshapewa asome, nitumieni leo, kurasa zote, kabla hajasaini.